Uzito wa Meli ya Nyota

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Nalisema hilo mapema, maana kuna watu wakisikia habari zake siku hizi wanadhani alisomea ng'ambo, na wengine, wasio na haya, wanasema eti anaandikiwa. Anaandikiwa na nani? Mimi kaka yake nimemwona kwa macho yangu haya akiandika juu ya karatasi za kukatia mifano ya nguo, pini kazibana mdomoni, mguu uko kwenye pedeli, na mteja amesimama mlangoni anauliza suruali yake itakuwa tayari lini. Tangu ajifungue watoto wawili kwa mpigo tunamwita Mama Pacha, hata mama yetu anamwita hivyo.

Mimi kazi yangu ni sauti. Redio yetu ni ndogo, iko ghorofani juu ya duka la vipuri, na michezo yake inakwenda moja kwa moja hewani kwa sababu mashine ya kurekodi ilikufa na hakuna aliyejisumbua kuizika. Mlango ukigongwa mchezoni, nimegonga mimi. Mvua ikinyesha, ni mimi na sinia la mchele. Asikudanganye mtu kwamba ni kazi ya kitoto. Jaribu wewe kumwaga mchele kwa robo saa bila kupiga chafya.

Meli yenyewe ilianza kwa sketi. Binti mmoja alikuja kujaribu sketi yake ya mwavuli pale dukani kwa Mama Pacha, akajizungusha mbele ya kioo kama wanavyofanya wote, na pindo likanyanyuka likasimama lenyewe hewani, bila waya, bila mkono wa mtu. Mdogo wangu alibaki ameshika mkasi, anatazama. Binti akadhani kuna kasoro. "Vipi fundi, haijakaa sawa?" Mama Pacha akamwambia imekaa sawa kabisa, hebu zunguka tena.

Jioni ile alipokuwa anawaogesha pacha, akawaambia kuna meli inayokwenda kwenye nyota. Si nyembamba kama roketi za kwenye picha. Ni gurudumu, tena kubwa, viwanja vinne vya mpira vingepangwa kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo. Linazunguka polepole, na watu wanaishi kwenye ukingo kwa ndani, vichwa vyao vimeelekea kitovuni. Kwa kuwa gurudumu linazunguka, ukingo unawasukuma miguuni wakati wote, nao wanajiona wamesimama kama sisi tulivyosimama. Kwao chini ni nje na juu ni katikati. Pacha mmoja, povu masikioni, akauliza, "Kwa hiyo ukitoboa sakafu unaona nyota chini ya miguu?" Mama yake akasema ndiyo, ila usitoboe.

Alipokwisha kuiandika, nilimpelekea mkuu wa vipindi habari ile. Mkuu wetu ni mtu mwenye sauti. Akisema "habari za asubuhi" ngazini, vioo vinatikisika, naye anajua hivyo na anapenda kuvisikia vikitikisika. Akasoma kurasa za mwanzo, akaguna, akasoma tena zile sehemu za Kapteni kwa sauti. Nikajua tumekubaliwa. Kapteni akawa yeye, abiria akawa dada wa matangazo, ngurumo ya meli nikawa mimi, kwa feni kuukuu niliyoitia kipande cha boksi. Kila Alhamisi jioni watu wakawa wanasogelea redio zao. Jina la mtunzi halikutajwa hata mara moja. Mkuu alisema wasikilizaji hawapendi kujua kwamba meli imeandikwa, na mdogo wangu, kwa upole wake ule unaoniudhi, akasema haidhuru.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Lazima nieleze hili, la sivyo hutaelewa kwa nini yaliyofuata yalimuuma kiasi kile. Mama Pacha aliacha shule akiwa kidato cha tatu, anaongoza hesabu darasani, kwa sababu ya mimba. Mama yetu hakupiga kelele. Alisema "Basi tena," akaenda kuketi chumbani, na tangu siku hiyo habari za shule hazikutajwa mezani kwetu. Wajukuu wake pacha mama akawalea kwa mapenzi yote, lakini Alhamisi muziki wa mchezo wetu ukianza anainuka, anasema mambo hayo ya kuelea yeye hayawezi, anakwenda jikoni kuosha vyombo. Sufuria zilioshwa sana mwaka ule.

Sasa tuje kwenye kosa. Katika sehemu moja abiria anasikia viungo vinavyoushika ukingo wa gurudumu vinalia, anaogopa, anamuuliza Kapteni kama vitashika. Mdogo wangu akaandika jibu, na mkuu akalitoa kwa kifua chote: "Tulia, mama! Huku angani hakuna uzito. Hata uzi wa kushonea ungetosha kuishika meli hii!"

Watu walilipenda hilo jibu kupita kiasi. Likawa msemo. Wapakizi sokoni wakibebeshana magunia wanaambiana hata uzi ungetosha. Mkuu akatembea wiki nzima kifua mbele.

Alhamisi iliyofuata, baada ya mchezo, tukafungua simu kama kawaida. Akapiga mama mmoja mwenye sauti ndogo, akasema yeye ni mwalimu wa fizikia sekondari, ana swali kwa Kapteni.

"Uliza, mwanangu," Kapteni akanguruma.

"Abiria wako wanatembea, au wanaelea?"

"Wanatembea! Hawa ni watu, si maputo!"

"Kama wanatembea, sakafu inawasukuma miguuni. Nayo sakafu, inaposukuma watu wote hao na makabati yao, nani anaishika isifumuke?"

"Uzi!" Kapteni akacheka peke yake.

"Umewahi kuzungusha ndoo ya maji kwa mkono?"

"Mara nyingi."

"Mkono ulivutwa, au haukuvutwa?"

Kapteni akasema mkono ulivutwa kidogo. Akasema tena lakini ile ndoo ilikuwa duniani. Akasema angani ndoo haina uzito, kwa hiyo, kwa hiyo... Akakohoa. Mwalimu akasema kwa adabu zake zote kwamba kwa uzi ule meli ingefumuka kabla watu hawajafungua masanduku, na anashukuru kwa nafasi. Nikaweka muziki haraka, lakini maji yalishamwagika.

Kesho yake mlinzi wa getini alimpigia mkuu saluti, "Shikamoo, Kapteni Uzi." Muuza magazeti, Kapteni Uzi. Mke wake mwenyewe, nasikia, alimwita hivyo wakati wa kupakua chakula. Jumatatu akatuita ofisini mimi na mdogo wangu. Macho mekundu.

"Alhamisi hii meli ivunjike," akasema. "Wafe wote. Mimi nife kishujaa, niseme maneno mawili ya kwaheri, halafu tuweke muziki wa taarabu au wa chochote. Mchezo umekwisha."

"Mzee, wote?" Mama Pacha akauliza.

"Wote! Hata yule paka wa melini."

Tuliporudi dukani, Mama Pacha akachukua gauni la mteja, akashona mkono wa kulia upande wa kushoto, akaufumua, akaushona palepale tena. Nikamwambia aache kazi apumzike. Ndipo akaangusha kichwa juu ya meza ya cherehani na kulia, kilio kile cha mtu mzima ambacho hujui utazame wapi.

"Kaka, wale si watu wa redio tu," akasema. "Kila wiki kuandika ile meli inabidi nikae nifikirie. Kitu kinasukuma nini, kinashikwa na nini. Ile ndiyo shule yangu. Niliacha mara moja. Siachi mara ya pili, nakwambia. Afe nani?"

Niliumia. Sijui kubembeleza, Mungu hakunijalia, nikamnunulia soda.

Hata haijafunguliwa, akatokea mlangoni mwanamke mwembamba, ana vumbi la chaki kwenye sketi, anauliza kama hapa ndipo kwa mtu wa meli. Alikuwa ameulizia redioni, mlinzi akamwelekeza, akamwambia na habari za meli kuvunjwa. Nilitaka kumfokea. Nilishafungua mdomo. Akaniwahi: "Samahanini sana. Mimi niliuliza tu swali. Sikutaka kuua watu."

Mdogo wangu akafuta macho kwa kipande cha kitambaa, akamvutia kiti. "Mwalimu, nieleze nilipokosea."

"Kosa ni la lugha zaidi," Mwalimu akasema. "Sisi tunasema uzito, tunamaliza. Mzigo una uzito, gunia lina uzito. Basi mtu akisikia angani hakuna uzito, anadhani gunia limekuwa si kitu. Kumbe uzito ni ule mvuto tu. Ukiondoka, gunia lenyewe liko palepale, na ukilisukuma litakataa kuondoka, na likishaondoka litakataa kusimama. Hicho kinachobaki tunakiita tungamo."

"Tungamo," Mama Pacha akarudia. Uso ukamkunjuka. "Hilo nalijua. Si ndiyo kutunga? Mimi natunga uzi kwenye sindano kutwa nzima."

Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. Si kutunga, akasema, ni kutungama, kama damu inavyotungama kwenye kidonda. Kitu kilichoshikana pamoja. Mdogo wangu naye akacheka, na mimi ninayemjua nikaona ameshafika mbali. Akasema: kwa hiyo ukingo mzima wa meli, na watu, na masanduku, tungamo lote hilo linataka kwenda moja kwa moja, na viungo ndivyo vinavyolilazimisha lipinde. Kila wakati. Bila kupumzika.

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Na viungo vyako ni uzi."

"Ukipunguza mwendo?"

"Ukiufanya nusu, viungo vinavutwa robo tu ya mwanzo. Abiria nao watabaki na robo ya uzito wao. Lakini utaupunguzaje? Angani hakuna barabara ya kufungia breki."

Jirani yetu ni kinyozi, ana kiti cha kuzunguka anachokipenda kuliko ndugu zake. Mwalimu alipokiona akaomba pasi mbili za mkaa, zile nzito, zisizo na moto. Akamketisha Mama Pacha, akampa pasi moja mkono huu, nyingine mkono huu, akamwambia azibane kifuani. Tukamzungusha. Kiti kikaenda mbio, kinyozi anapiga kelele, "Kiti changu jamani! Kiti changu!"

"Nyoosha mikono!" Mwalimu akasema.

Akainyoosha, na kiti kikapoa papo hapo kama kilichoshikwa. Akazirudisha pasi kifuani, kikachangamka. Akanyoosha, kikapoa. Mdogo wangu alikuwa anacheka huku machozi ya mwanzo hayajakauka, na mteja wa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, naye akataka zamu yake.

"Sasa ukiwa umenyoosha, ukiziachia kabisa," Mwalimu akasema, "zinaondoka na sehemu ya mzunguko wako." Kinyozi akaapa kwamba hakuna pasi itakayoachiwa ndani ya duka lenye vioo. Tukaliamini hilo bila kulijaribu.

Wakakaa wawili wale mpaka duka likafungwa. Sikuelewa yote, lakini kiini nilikielewa. Meli ina nyaya ndefu za kuvutia mizigo. Zifungwe pande mbili za ukingo, ziachiwe taratibu kwenda nje na vitu vizito kwenye ncha zake, gurudumu litapoa, kisha vitu viachwe vipotee. Halafu mafundi watakuwa na nafasi ya kubadilisha viungo vikiwa havivutwi sana. Swali likabaki, vitu gani vizito vya kutupa. Maji? Watakunywa nini. Mafuta? Watafikaje. Mama Pacha akasema polepole, "Masanduku yao. Kila walichobeba kutoka nyumbani." Na kama abiria wanaombwa kutupa masanduku yao, lazima waambiwe sababu, na aliyewadanganya kwamba uzi unatosha ni mmoja.

Jumatano akampelekea mkuu mchezo mpya. Mkuu akausoma amesimama. Alipofika katikati akaweka kidole.

"Hapa. 'Nilikosea.' Litoe."

"Likitoka hilo, Mzee, hakuna atakayetupa sanduku lake."

"Basi wafe, kama nilivyosema."

Niliona mdogo wangu amekunja ngumi nyuma ya mgongo. "Mzee, lile neno la uzi niliandika mimi, nawe ulilisema kwa kuniamini. Kosa ni langu. Niruhusu niliseme hewani kwamba ni langu, sina tatizo. Lakini abiria hawanijui mimi. Wanamjua Kapteni."

Mkuu akafungua droo, akatoa ukurasa mmoja aliouandika mwenyewe, wa kifo, mashujaa na kwaheri. Akauweka juu ya ule wa mdogo wangu. "Nitaingia navyo vyote viwili," akasema. "Tutaona hewani."

Umewahi kuona unyama kama huo? Alhamisi jioni nimesimama kwenye meza yangu, mkono mmoja uko kwenye swichi ya feni, tayari kuipoza meli, na mkono mwingine umeshika bati na sinia la glasi, tayari kuivunja. Nyuma ya kioo Mama Pacha amesimama na Mwalimu, nyuzi zimemganda begani, hajui kama watu wake wataishi. Taa nyekundu ikawaka.

"Kapteni!" dada wa matangazo akasema kwa woga, na nadhani hakuwa anaigiza. "Viungo vinalia tena. Ulisema uzi ungetosha!"

Mkuu akatazama karatasi ya kifo. Akatazama ile nyingine. Kimya. Redioni ukimya ni kitu kibaya sana, mtu anadhani redio yake imeharibika. Feni yangu inanguruma peke yake. Nikanyanyua bati kidogo. Dada wa matangazo akameza mate karibu na maikrofoni, ikasikika mji mzima.

"Nilikosea," mkuu akasema.

Hakunguruma. Ilikuwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyekaa kitini kwake. "Nilikosea, abiria wangu. Nilisema huku hakuna uzito, nikadhani hakuna kitu kinachotuvuta. Meli hii inataka kufumuka tangu siku tuliyoondoka, na kilichoishika ni kidogo kuliko nilivyowaambia. Nawaomba masanduku yenu."

Nikashusha bati chini kwa uangalifu kama mtoto mchanga. Mchezo ukaendelea. Nyaya zikatoka, nikaipunguza feni hatua moja. Zikatoka zaidi, hatua ya pili. Dada wa matangazo akaaga sanduku lake lenye picha za harusi kwa namna iliyonifanya nitazame ukutani. Masanduku yakaachwa yaende, meli ikapoa, viungo vikanyamaza, na mafundi wakaingia kazini. Paka akaruka akagonga dari, kwa sababu ya ile robo ya uzito, na hapo nikamsikia Mwalimu anacheka nyuma ya kioo.

Tukafungua simu. Zikaingia kwa fujo. Mtu wa kwanza akauliza tungamo ni nini. Mkuu akavuta pumzi ya kujibu, nikaona kabisa anataka kujibu, kisha akavua vifaa vya masikioni. "Hilo muulizeni aliyeijenga meli," akasema, akainuka kwenye kiti chake na kumpungia mkono mdogo wangu aingie.

Aliingia akaketi kwenye kiti kile. Akalieleza tungamo vizuri tu, kwa gunia na kwa pasi za mkaa, akakwama mahali pamoja, akasema hapo sijui bado nitauliza. Watu wakapiga tena. Dereva wa lori. Mama mmoja aliyehuzunika sana kwa yale masanduku. Halafu ikaingia simu yenye mlio wa sufuria nyuma yake, na wote wawili, mimi na yeye, tukatazamana.

"Mimi nina swali," mama yetu akasema. "Hilo gurudumu likipoa, ile chai ya Kapteni aliyoiweka mezani tangu wiki ile, haimwagiki?"

Mama Pacha akafumba macho. Chai ile ilitajwa mara moja tu, katikati kabisa ya mchezo.

"Inainama, mama. Inakwenda upande ule gurudumu linakozungukia, kama gari likifunga breki. Wakilipoza taratibu haimwagiki."

"Taratibu."

"Ndiyo, mama."

"Hayo umejifunzia wapi?"

"Najifunza sasa hivi. Kuna mwalimu hapa."

Sufuria ikawekwa chini, tukaisikia. "Watoto mimi ninao," mama akasema. "Usiwe na haraka ya kurudi. Kaa na huyo mwalimu wako, usome."

Akakata, maana mama hapendi kumaliza salio.